Kichwa kikigongwa si sinema

Jioni, vibanda vya video vya Handeni na Korogwe havikosi watoto wanaofuatilia filamu za kisasi kutoka India. Mfano wa filamu hizo ni Ghajini, iliyotoka kwa Kitamil mwaka 2005 na kurudiwa kwa Kihindi mwaka 2008. Mchumba wa mfanyabiashara anauawa, naye mwenyewe anapigwa chuma kichwani. Tangu hapo kumbukumbu mpya hudumu dakika 15 tu, lakini bado anawasaka maadui na kuwashinda kwa ngumi.

Mzazi, mtoto anaweza kuamini kwamba pigo la kichwa ni la kuvumilia. Mweleze ukweli, ili asifiche akianguka au kupigwa. Akitapika mara kwa mara, akisinzia kupita kawaida, akichanganyikiwa au kupata degedege, mwahishe hospitali. Usisubiri kupambazuke.