NYANYA NA MJUKUU WASIHITAJI MKALIMANI
Chuo cha Majengo kina somo la kutufundisha sote

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema mwacha asili ni mtumwa. Methali hii kila mtoto wa shule anaijua, na huiandika katika insha bila taabu. Lakini mchukue mtoto huyo huyo, aliyezaliwa Majengo ya Meru au Majengo ya Embu, umwambie amwamkie nyanya yake wa shambani kwa lugha ya nyanya. Aghalabu atatabasamu, kisha atamtazama mama yake amsaidie.

Si kwamba mtoto wa Majengo hana lugha. Anazo tele. Nyumbani na barabarani anasema Kiswahili. Chuoni anasoma Kurani kwa Kiarabu. Shuleni anafundishwa Kiingereza. Iliyokosa mwalimu ni moja tu, nayo ni ile ya nyanya: Kimeru au Kiembu.

MTAA ULIVYOZALIWA

Msomaji asidhani jambo hili lilianza jana. Wakoloni walianzisha kituo cha Embu mwaka 1906 na cha Meru mwaka 1908. Askari, wapagazi na wafanyabiashara walivifuata vituo kama hivyo, na Waislamu miongoni mwao wakajenga nyumba zao kando ya mji, wakaoa na kuzaa huko. Mitaa ya namna hiyo imo katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Jina la Majengo utalikuta Nairobi, Mombasa, Nanyuki, na hata Moshi nchini Tanzania.

Mwenyeji wa bara aliyesilimu na kuhamia mtaa kama huo alipata jina jipya, akavaa kanzu na akajifunza Kiswahili. Watu wa kijijini kwao wakamwita Mswahili. Hivyo ndivyo Kiswahili kilivyokuwa lugha ya mama kwa watoto waliozaliwa mamia ya maili kutoka baharini.

Hilo ni jambo la kujivunia, wala makala haya hayamlaumu mtu. Lakini Kiswahili kilipokuwa kikikaribishwa sebuleni, lugha ya mama mwenye nyumba ilikuwa ikitokea mlango wa nyuma, polepole, na hakuna aliyeona.

CHUO NI SHULE YA WANANCHI

Ajabu ni kwamba watu wa Majengo wanajua sana kuhifadhi lugha. Kiarabu si lugha ya sokoni kwao, wala ya baba wala ya babu kwa wengi wao. Hata hivyo mtoto wa miaka saba anaweza kukusomea sura nzima kwa ghibu. Amejifunza wapi?

Amejifunza chuoni. Na chuo, msomaji, ni shule ya wananchi wenyewe. Mahali pa kusomea hupatikana kwa michango, aghalabu kando ya msikiti. Mwalimu huishi kwa ada ndogo za wazazi na sadaka za majirani. Masomo hupangwa baada ya shule ya serikali, jioni na mwishoni mwa juma, ili mtoto asikose kote kuwili. Mtoto akitoroka, jirani humrudisha. Akihitimu, mtaa mzima husherehekea.

Tazama basi mambo matatu yaliyomo humo: mzazi anayegharamia, mwalimu anayefundisha, na jamaa wanaosimamia. Mambo matatu hayo yakikutana, lugha ya mbali hukaa katika kinywa cha mtoto. Yasipokutana, hata lugha ya nyanya aliye hai hupotea.

SHERIA PEKEE HAITOSHI

Wako watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya serikali. Kweli, serikali imesema. Kamati ya Gachathi, mwaka 1976, ilipendekeza watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaiagiza serikali ikuze lugha za wenyeji. Mtaala wa umilisi ulioingia madarasani mwaka 2019 nao umezipa lugha hizo nafasi katika gredi tatu za mwanzo.

Lakini mjini watoto wametoka kila upande, na lugha ya eneo huwa ni Kiswahili. Kwa hiyo sheria ile ile inayomsaidia mtoto wa kijijini kujifunza kwa Kimeru humpita mtoto wa Majengo bila kumgusa. Si kosa la mwalimu. Ana watoto wa lugha nyingi katika darasa moja, na kengele haimngoji.

Tena tusisahau tulikotoka. Wazazi na babu wengi wa Kenya wanakumbuka jinsi walivyovishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya kwao katika uwanja wa shule. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza adhabu hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986. Mtu aliyeaibishwa hivyo si ajabu akasita kumfundisha mwanawe lugha iliyomletea fimbo.

WENGINE WALIVYOFANYA

Huko Nyuzilandi, Wamaori waliona lugha yao imebaki kwa wazee. Mwaka 1982 wakafungua shule ndogo ya watoto huko Wainuiomata, karibu na mji wa Wellington, wakaiita kohanga reo, yaani kiota cha lugha. Nyanya na babu waliingia darasani, na jamaa wenyewe wakaendesha shule. Watoto hao walipokua, wazazi wakataka shule ya msingi ya lugha hiyo. Ya kwanza ilianza Auckland mwaka 1985. Kimaori kikawa lugha rasmi mwaka 1987, na mwaka 1989 sheria ya elimu ikazitambua shule hizo. Tazama mpango wake: wananchi walitangulia, sheria ikafuata.

Wala si lazima twende ng'ambo. Mombasa, mwaka 1986, ulianza mpango wa shule za chekechea za madrasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa walimu waanzilishi. Akina mama wa mtaani walifundishwa ualimu, vifaa vya kuchezea vikatengenezwa kwa vitu vilivyopo karibu, na kamati za wazazi zikapewa usimamizi. Mpango huo ulifika hata Zanzibar na Kampala.

NYANYA AITWE DARASANI

Basi Majengo inakosa nini? Banda la chuo lipo. Desturi ya kuchanga ipo. Nyanya yupo, na hahitaji cheti ili afundishe kuamkia, kuhesabu, kutega vitendawili na kusimulia hadithi. Saa moja tu kila Jumamosi ingetosha kuanzia. Mwalimu wa shule ya msingi angesaidia kuandika maneno daftarini, maana nyanya anajua kusema zaidi ya kuandika. Mzazi naye angekuwa na kazi moja: kumwita mtoto kula kwa lugha hiyo jioni, ili somo lisibaki darasani.

Mtoto mwenyewe hatachoka, kwa sababu lugha hizi ni ndugu. Mtu wa Kiswahili ni muntu kwa Kimeru na mundu kwa Kiembu. Nyumba ni nyomba. Wala tusigombane ni Kimeru kipi, cha Imenti, cha Tigania au cha Igembe. Kila mtoto na aanze na kile cha nyanya yake.

Wako wanaohofu kwamba hayo yataleta ukabila. Hofu hiyo si ya kudharau katika nchi yetu. Lakini Kiswahili cha Majengo kimekwisha kota mizizi, hakiwezi kung'olewa na hadithi za nyanya. Mtu hamchukii jirani kwa sababu anaongea na bibi yake.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wameru karibu milioni 2 na Waembu zaidi ya 400,000. Kwa hesabu hiyo mtu anaweza kulala usingizi. Lakini sensa huhesabu watu, haihesabu maneno waliyobaki nayo. Lugha haingoji wenyewe wafe. Huanza kufa siku ile nyanya anapotaka kumpa mjukuu wosia, akakuta hapana budi amtafute mkalimani.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Majengo ina vidole vyote, na kazi yenyewe inaijua. Kilichobaki ni kumtolea nyanya kiti, aketi mbele ya watoto.