Kompyuta ya Fedha za Ufuta

Baba alipouza ufuta wake hapa Mitwero alitaka kuninunulia kompyuta ya mezani. Muuzaji alimsihi achukue yenye kadi ya grafiki. Mimi nilikataa, na wenzangu wakanicheka. Basi nawaeleza sababu.

Prosesa nyingi za siku hizi huchora zenyewe picha za kwenye kioo, zikiazima kumbukumbu ya kompyuta. Kadi ni mtambo wa pili, wenye kumbukumbu yake na feni yake. GeForce RTX 4060, ya mwaka 2023, ina gigabaiti 8, nayo yaweza kula wati 115 za umeme! Yafaa sana kwa michezo mikubwa na kutengeneza filamu. Mimi naandika insha na kupiga hesabu.

Tulinunua isiyo na kadi, tukaongeza kumbukumbu ifike gigabaiti 16, maana picha nazo hula humo humo. Fedha iliyobaki ilimshonea dada sare. Kaka, mpenda michezo, amenuna hadi leo.