Shinikizo la Mchezo Nalo Hufanyiwa Mazoezi

Mpigo wa mwisho katika gofu, ule wa kuusukuma mpira taratibu juu ya nyasi fupi hadi uingie shimoni, hauhitaji nguvu wala kasi. Mpira umetulia, hakuna mpinzani anayeukimbilia, na mchezaji ana muda wa kupima mteremko. Lakini ndio mpigo unaoharibika upesi mchezaji anapoingiwa na wasiwasi. Wanasayansi wamechunguza sababu zake kwa zaidi ya miaka 30, na waliyoyagundua yanawafaa wachezaji wa Meru wanaovuka mpaka wa kaunti kwenda kucheza Nanyuki, kwenye kiwanja kinachopitiwa na mstari wa ikweta. Yanawafaa vilevile vijana wanaopiga penalti katika uwanja wa Kinoru mjini Meru au uwanja wa Moi mjini Embu.

Mtu anapohisi kwamba anatazamwa na kupimwa, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo hudunda kwa kasi, viganja hutoa jasho, pumzi huwa fupi na misuli ya mabega hukaza. Mkimbiaji wa mbio fupi hunufaika na hali hiyo. Kwa mpigo wa mita mbili ni balaa, maana shimo la gofu lina upana wa milimita 108 tu, na fimbo ikipinda kidogo mpira hupita kando.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye umakini. Ujuzi uliozoeleka hujiendesha wenyewe. Aliyebobea hafikirii tena mkono uanzie wapi. Akishikwa na hofu, huanza kuusimamia mwili wake hatua kwa hatua kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, na mwendo uliokuwa laini hukatika vipande vipande. Mwaka 1992 mtafiti Richard Masters alionyesha jambo hilo kwa watu waliokuwa wakijifunza mpigo huo wa gofu. Baadhi walipewa maelekezo ya kina, na wengine walifanya mazoezi huku wakitaja herufi za alfabeti bila mpangilio ili wasipate nafasi ya kujiwekea kanuni kichwani. Fedha na mtazamaji mtaalamu walipoingizwa, kundi la pili halikuyumba.

Jaribio lenye mafunzo zaidi kwa kocha ni la Sian Beilock na Thomas Carr wa Marekani, lililochapishwa mwaka 2001. Waliwagawa wanagenzi wa gofu: wengine walijizoeza kwa utulivu, wengine wakiwa na kazi nyingine ya kuwashughulisha akili, na wengine mbele ya kamera, wakiambiwa kwamba picha zao zingechunguzwa na wajuzi. Ilipofika zamu ya kupiga kwa zawadi ya fedha, waliozoea kamera ndio pekee ambao mchezo wao haukushuka. Nchini Uholanzi, Raôul Oudejans alipata matokeo kama hayo kwa polisi: waliojizoeza kulenga shabaha mbele ya mpinzani anayewarudishia risasi za sabuni walihifadhi ulengaji wao katika hali ya hofu, na waliolenga makaratasi tu hawakuweza.

Kwa hiyo mazoezi ya kawaida ya penalti yana kasoro. Mchezaji anayepiga mipira ishirini mfululizo, wenzake wakipiga soga pembeni, anajifunza kupiga mpira ambao hauna uzito wowote. Afadhali apige mmoja tu, mwisho wa mazoezi, miguu ikiwa imechoka. Atembee peke yake kutoka katikati ya uwanja, timu nzima ikiwa imejipanga kumtazama, aweke mpira, asubiri kipenga. Akikosa, timu yote izunguke uwanja mara moja. Mchezaji wa gofu naye anaweza kuzungushia shimo mipira minane na kuiingiza mmoja baada ya mwingine. Ukimponyoka hata wa nane, anaanza upya. Kinacholeta shinikizo ni kuwepo kwa kitu cha kupoteza.

Mazoezi tulivu hayaachwi. Utafiti wa mwaka 2014 wa Gavin Lawrence na wenzake ulionyesha kwamba kujizoeza ukiwa na wasiwasi husaidia pale wasiwasi unaporudi, si katika mchezo wa starehe. Mwendo wa mkono ujengwe kwanza, kisha upimwe. Macho nayo yana kazi: Joan Vickers wa Canada alibaini kwamba wapigaji wazuri hukazia macho mpira kwa sekunde kama mbili, na hawayaondoi mara tu fimbo inapougusa.

Katika kaunti za Meru na Embu kuna pia suala la miraa na muguka. Kathinoni iliyomo kwenye majani hayo huongeza mapigo ya moyo, hupandisha shinikizo la damu na hunyima usingizi. Anayetafuna ili atulize mikono anaongeza kile kile anachokikimbia. Dutu hiyo imepigwa marufuku mashindanoni na shirika la kimataifa la kupambana na dawa za kusisimua misuli. Dawa za kupunguza kasi ya moyo, aina ya propranolol, nazo haziruhusiwi katika mashindano ya gofu, isipokuwa kwa kibali cha kitabibu.

Watoto wanahitaji uangalifu. Adhabu iwe nyepesi na ya wote, kwani matusi na aibu humfundisha mtoto kuukimbia mpira. Pia si kila mkono unaoruka unatokana na woga. Baadhi ya wachezaji wa gofu wa miaka mingi hupata mshtuko wa ghafla wa kifundo cha mkono wanapotaka kupiga, hata wakiwa peke yao, kutokana na hitilafu ya mfumo wa fahamu unaoendesha mwendo huo mmoja. Huyo hasaidiwi kwa kuongezewa watazamaji. Anapaswa kuonwa na daktari wa mishipa ya fahamu, na mara nyingine kubadilisha namna ya kushika fimbo humpunguzia tatizo.