Bitana ya Pikapu: Uliza Kwanza Kilicho Chini Yake

Ndugu msikilizaji, mwenye pikapu hapa mjini hana gari tu, ana mtaji wenye magurudumu. Alfajiri pikapu hubeba samaki na barafu kutoka Feri, mchana hupeleka saruji na nondo, jioni huitwa kuhamisha kitanda na kabati la mpangaji. Kazi zote hizo hufanyika juu ya bati moja jembamba, nalo ndilo aghalabu hutangulia kufa. Injini hufunguliwa ikatengenezwa, tairi hubadilishwa, lakini bodi likishaliwa na kutu hadi likatoboka, thamani ya gari zima imeporomoka, na mwenyewe ameanza safari zisizokwisha za kwa fundi wa kuchomelea.

Ndiyo maana wiki hii nimeona tuzungumze juu ya ile rangi nzito yenye vipele, aghalabu nyeusi, inayopulizwa ndani ya bodi la pikapu ili kulikinga. Mimi nitaiita bitana, kwani kazi yake ni ile ile ya bitana ya koti: kukaa ndani, kupokea msuguano, na kuiacha nguo yenyewe salama.

Wapo watakaouliza: kwa nini tupulize, na hali lipo tandiko la plastiki gumu linalotumbukizwa tu ndani ya bodi? Tandiko hilo lina sifa zake. Halihitaji fundi bingwa, hutolewa likaoshwa, na jiwe likidondoka juu yake hupunguza kishindo. Ubaya wake uko chini. Mchanga na maji hupenya katikati ya plastiki na bati, na gari likitikisika katika mashimo yetu, ule mchanga hugeuka msasa. Rangi husagika kidogo kidogo, maji yakakaa hapo hapo bila kukauka, na siku unapoliinua tandiko unakuta kutu imekwisha kula. Kwa gari la samaki hali ni mbaya zaidi, kwa sababu maji ya barafu huwa yamechanganyika na chumvi.

Bitana ya kupuliza hushikamana na bati lenyewe. Haiachi nafasi ya maji kujificha, na vipele vyake huzuia mzigo usiteleze. Lakini tusiitwishe kazi isiyo yake. Huzuia mikwaruzo na kutu. Haizuii bati kubonyea ukiliangushia jiwe zito. Tena ikishashika, kuibandua ni kazi ya siku nyingi. Kwa hiyo hapa hakuna kujaribu halafu ukaghairi.

Sasa, bitana hizi ni za aina gani? Zilizo bora hutengenezwa kwa vimiminika viwili vinavyokutanishwa wakati wa kupuliza, vikashikana na kuwa kitu kimoja kigumu mfano wa mpira. Aina ya kwanza ni poliyuretani. Nyingi za aina hii hupulizwa kwa mashine ya kawaida isiyo na joto, hukauka polepole, na huwa laini kidogo, hivyo hushika mzigo vizuri. Aina ya pili ni poliyurea. Hii hutaka mashine inayopasha dawa joto na kuisukuma kwa nguvu kubwa, na hushika katika muda wa sekunde chache tu. Zipo pia za mchanganyiko wa hizo mbili.

Kwa sisi wa pwani kuna tofauti moja ya kuzingatia. Dawa ya kugandishia iliyomo katika poliyuretani hupenda pia kuungana na maji, na ikiungana nayo hutoa hewa ya kaboni. Matokeo yake ni vijipovu ndani ya bitana, na bitana yenye vijipovu ni dhaifu. Kwa hiyo kuipuliza siku ya masika, hewa ikiwa imejaa unyevu na bati likiwa na umande, ni kujitafutia hasara. Poliyurea huvumilia unyevu wa hewa zaidi kwa sababu hushika kabla maji hayajapata nafasi. Hata hivyo, hakuna dawa inayoshikamana na bati bichi lenye maji. Fundi akikwambia, "Mzee, tungoje jua," usimwone mvivu.

Jua nalo lina lake. Bitana nyingi nyeusi zikipigwa na jua muda mrefu huchujuka zikawa za kijivu, ingawa nguvu yake kwa kawaida hubaki. Zipo aina zisizochujuka, na bei yake huwa juu. Kama pikapu ni ya kubebea kokoto, sioni sababu ya kulipia weusi wa kudumu.

Tuje kwenye unene, mahali ambapo wateja wengi hupunjwa bila kujua. Kazi nzuri ya mashine aghalabu huwa na unene wa milimita 2 hadi 3. Je, utajuaje kama umepewa unacholipia? Piga hesabu. Kufunika mita moja ya mraba kwa unene wa milimita 1 huhitaji lita 1 ya dawa. Chukua bodi ambalo sakafu yake na kuta zake za ndani zikijumlishwa ni mita za mraba 5. Kwa unene wa milimita 2 zinahitajika lita 10. Basi fundi akija na lita 4 kisha akakuahidi milimita 2, hesabu inamsuta. Hata asipomwaga tone, hizo ni milimita 0.8 tu, na kama dawa ina thina, nayo itaruka hewani na unene utapungua zaidi. Dawa hizo za makopo machache si mbaya kwa gari la kazi nyepesi, ila zisiuzwe kwa bei ya kazi nzito.

Njia nyingine ni kumwomba fundi apulize kipande cha bati chakavu pamoja na gari lako, kwa dawa ile ile na siku ile ile. Kikishakauka, kikate upime unene kwa rula, kisha jaribu kukibandua kwa kisu. Fundi anayejiamini hatakataa.

Ndugu msikilizaji, hayo yote ya dawa na mashine ni nusu ya habari. Nusu nyingine, tena kubwa zaidi, ni maandalizi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Bitana ikipulizwa juu ya kutu, kutu haifi. Huendelea kula gizani, na bitana nzuri juu yake hukunyima hata nafasi ya kuiona. Siku moja kipande chote kinabanduka kama gamba, na chini yake hakuna bati.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya dawa, muulize fundi atafanya nini siku ya kwanza. Jibu zuri ni hili: atafungua ndoano na boliti zote, ataosha mafuta na matope, atapiga msasa kila pembe hadi mng'ao wa rangi upotee, ataondoa kutu mpaka bati jeupe lionekane, atachomelea palipotoboka, atapaka praima kwenye bati tupu, kisha atafuta vumbi na kuziba kwa tepu pasipotakiwa dawa. Matundu ya kutolea maji lazima yabaki wazi. Yakizibwa, bodi linageuka beseni. Fundi anayetaka kupuliza saa moja baada ya wewe kufika, mwage kwa heshima. Dai pia dhamana ya maandishi inayotaja kubanduka, na uulize ni siku ngapi upite kabla ya kupakia mzigo mzito.

Yapo mambo mawili ya usalama ambayo siwezi kuyaacha. La kwanza ni mapafu ya fundi. Dawa ya kugandishia niliyoitaja ina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo zinajulikana duniani kuwa miongoni mwa visababishi vikubwa vya pumu ya kazini. Mtu ambaye mwili wake umeshazikataa anaweza kubanwa kifua hata kwa kiasi kidogo mno, na hali hiyo inaweza kudumu maisha yake yote. Kitambaa puani hakisaidii, wala barakoa ya vumbi. Anayepuliza anahitaji kifaa kinachomletea hewa safi kutoka nje kwa mpira, pamoja na glavu na nguo za kumfunika mwili. Bitana ikishakauka kabisa haina tatizo hilo. Hatari iko wakati wa kupuliza na saa zinazofuata, na pia katika vumbi la kuipiga msasa kabla haijakomaa. Basi ukiona dawa inapulizwa uwanjani, kijana anayejifunza kazi amesimama pembeni kifua wazi, na mama lishe anapakua wali hatua kumi tu kutoka hapo, ujue unafuu wa bei unaoupata analipa mtu mwingine. Mimi gari langu singeliacha hapo.

La pili ni petroli. Mwaka 1998 taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini ilitoa onyo baada ya moto kuwaka wakati watu wakijaza petroli katika madumu yaliyokuwa juu ya pikapu zenye matandiko ya plastiki. Petroli ikitiririka huzalisha umeme tuli. Dumu likiwa chini ardhini, umeme huo hupata njia ya kutoka. Likiwa juu ya plastiki hubaki umejikusanya, na cheche moja yatosha. Hivyo, iwe ni tandiko au bitana ya kupuliza, shusha dumu chini ndipo ulijaze.

Kwa muhtasari, chagua fundi kabla ya kuchagua dawa, na chagua maandalizi kabla ya rangi. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu mwezi huu, iwe ni ya kuondoa kutu na kupiga praima. Bitana itangoja mwezi ujao. Bati zima lisilo na bitana lina maisha marefu kuliko bati bovu lililofunikwa vizuri.

Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.