MAUMIVU YA MISULI YASIYOKWISHA: SI UVIVU, WALA SI KULOGWA



Leo tuzungumze juu ya ugonjwa usioonekana kwa macho, lakini unaowatesa wengi majumbani mwetu, hasa akina mama. Ni maumivu ya misuli yanayodumu miezi na miaka, pamoja na mwili kuishiwa nguvu kila mtu anapofanya kazi.

Miaka ya nyuma alikuja kwetu mama mmoja wa makamo. Mabega, mgongo, nyonga na mapaja vilikuwa vikimwuma mwaka wa tatu mfululizo. Akilima matuta mawili, kesho yake hainuki kitandani. Hata usingizi haukumpumzisha. Aliamka amechoka kama mtu aliyekesha. Alipimwa malaria, damu na mkojo, vyote vikaonekana safi. Nikamrudishia kadi yake nikamwambia, "Mama, huna ugonjwa." Akalia. Akasema, "Sista, mume wangu anasema mimi ni mvivu, mama mkwe anasema nimelogwa, na sasa wewe unasema siumwi. Nani ataniamini?"

Siku ile nilijifunza kwamba kipimo kuwa safi si sawa na mtu kuwa mzima.

UGONJWA HUU NI NINI?

Maumivu yakizidi miezi 3 huitwa maumivu sugu. Yakienea sehemu nyingi za mwili, yakiambatana na uchovu, usingizi mbaya na usahaulifu, mara nyingi madaktari huyaita fibromaialjia. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksirei inayouonyesha ugonjwa huu. Daktari huutambua kwa kumsikiliza mgonjwa na kumchunguza kwa makini.

Maumivu hayo ni ya kweli. Mishipa ya fahamu na ubongo ni kama mbwa wa mlinzi. Mbwa mwema hubweka anapokuja mwizi. Katika ugonjwa huu mbwa amekuwa mkali kupita kiasi; hata kuku wa nyumbani akipita, yeye hubweka usiku kucha. Misuli haijaoza wala kuchanika, ila ubongo unapokea habari ndogo kama jambo kubwa. Ndiyo maana kubeba ndoo au kukumbatiwa na mtoto kunaweza kuuma.

KWANZA TUHAKIKISHE

Usijipe jina la ugonjwa mwenyewe. Yapo magonjwa mengine yanayoleta maumivu na uchovu, nayo yana tiba: upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo, kisukari, maambukizi ya VVU, upungufu wa vitamini D, baridi yabisi na sonona. Tena baadhi ya dawa za kupunguza mafuta kwenye damu zinaweza kuumiza misuli. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, pamoja na zile za mitishamba.

Nenda hospitali bila kukawia ukiona dalili hizi:

1. Mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi baada ya kazi nzito. Inawezekana misuli inavunjika, na figo zinaweza kuharibika. Nenda siku hiyo hiyo.
2. Misuli kulegea, kwa mfano kushindwa kuinuka kwenye kigoda au kuinua mikono.
3. Homa, kukonda, au kutokwa jasho jingi usiku.
4. Viungo kuvimba na kuwa vya moto.
5. Kubanwa kifua au kukosa pumzi unapotembea.
6. Ganzi sehemu za siri, au kushindwa kuzuia haja.

MAMBO YANAYODHURU

Wengi hukimbilia sindano za maumivu, leo hapa, kesho kule. Diklofenaki na dawa za jamii yake hazina msaada mkubwa katika ugonjwa huu. Zikitumiwa muda mrefu zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo. Sindano ya makalio ikichomwa vibaya huweza kuleta jipu au kuharibu mshipa wa fahamu wa mguu.

Wengine hununua predinisoloni dukani. Dawa hii hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Ikiwa umekwisha kuitumia kwa majuma kadhaa, usiiache ghafla. Mwone daktari akupunguzie polepole.

Kulala kitandani siku nzima nako hakufai. Msuli usiotumika hulegea, na msuli uliolegea huuma upesi zaidi.

MAMBO YANAYOSAIDIA

Chama cha wataalamu wa Ulaya cha magonjwa ya viungo na misuli, EULAR, kilichunguza tiba nyingi za fibromaialjia. Katika mapendekezo yake yaliyochapishwa mwaka 2017, tiba moja tu ilipewa mkazo mkubwa kuliko nyingine zote: mazoezi. Ila lazima yafanywe kwa kipimo.

1. Anza chini ya uwezo wako. Kama mwili hukataa baada ya dakika 10 za kutembea, anza na dakika 5. Ukizizoea kwa juma zima, ongeza dakika 1 au 2. Mwili ukigoma, rudi nyuma kidogo, usiache kabisa.

2. Jihadhari na siku njema. Mgonjwa akiamka na nafuu, hufua, hulima na kutwanga ili kufidia siku zilizopotea. Kisha hulala siku tatu. Gawa kazi. Lima dakika 20, keti dakika 10. Beba ndoo ya lita 10 mara mbili badala ya lita 20 mara moja. Menya viazi umeketi. Pumzika kabla hujachoka.

3. Tunza usingizi. Lala na kuamka saa zile zile. Acha kahawa na chai ya majani tangu mchana. Ukilala mchana, isizidi nusu saa.

4. Tumia joto. Kitambaa kilicholowekwa maji ya moto yasiyounguza, dakika 15 mahali panapouma, hulegeza misuli. Mwenye ganzi asifanye hivyo, asije akaungua bila kujua.

5. Dawa kwa ushauri wa daktari. Amitriptilini kwa kipimo kidogo wakati wa kulala huwasaidia baadhi ya wagonjwa. Usiudhike ukisikia kwamba ni dawa ya sonona. Hapa hutolewa kutuliza mishipa ya fahamu na kuleta usingizi.

TAHADHARI MOJA KUBWA

Wapo wagonjwa ambao hata kazi ndogo huwaangusha kabisa, pengine kesho yake au keshokutwa, na hali hiyo hudumu siku nyingi. Huo ni ugonjwa mwingine wa uchovu sugu. Kwa hao, kuongeza mazoezi kwa kulazimisha huweza kuwadhuru. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2021 ulikataza mpango huo kwao. Wao wabaki ndani ya nguvu walizo nazo, wakisaidiwa na mtaalamu.

KWA WANAFAMILIA

Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo walifanya vema. Walikosea walipoanza kumhukumu. Baba, mkeo akisema anaumwa, mchotee maji kwanza, maswali baadaye. Nanyi wana jumuiya, msimhesabu mgonjwa kuwa mtoro wa kazi za parokia.

Yule mama nilimwomba radhi. Tulianza na kutembea kutoka mlangoni kwake hadi kwenye mwembe na kurudi. Baada ya miezi sita alikuwa akifika kanisani kwa miguu. Maumivu hayakumwisha kabisa, lakini alikuwa analima tena, tuta moja kwa siku, na mumewe akilima la pili.

Mungu awape nafuu wote wanaoumwa.