Wi-Fi ya USB imegoma? Usikimbilie fundi bado

UMEJIKAZA ukanunua kompyuta ya mezani iliyotumika kule Luthuli Avenue, Nairobi. Haina Wi-Fi, kwa hivyo ukaongeza kile kidude cha USB kidogo kama ukucha. Umefika nyumbani, umekichomeka, lakini wapi! Hakuna mtandao, na kazi ya chuo inafaa kutumwa kabla ya saa sita usiku.

Tulia. Mara nyingi kidude chenyewe ni kizima. Kinachokosekana ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa hicho.

Tatizo ni kwamba draiva iko mtandaoni, na mtandao ndio huo huna. Dawa ni simu yako ya Android. Iunganishe na kompyuta kwa waya wa chaja, kisha uwashe ‘USB tethering’ kwenye mipangilio ya hotspoti. Kompyuta itaanza kutumia bando za simu. Kama muda umekuishia, tuma kazi yako kwanza! Mengine yatangoja.

Sasa subiri dakika chache, kwa sababu Windows 10 na 11 huweza kujitafutia draiva. Ikishindwa, usiandike tu “draiva ya Wi-Fi” mtandaoni na kubofya tovuti ya kwanza. Hapo ndipo wengi huletewa programu za ajabu zinazodai pesa au kuingiza virusi.

Anza kwa kujua chipu iliyo ndani. Usitegemee jina la kwenye pakiti, maana vidude vya majina tofauti hutumia chipu za kampuni zile zile, kama Realtek na MediaTek. Fungua ‘Device Manager’, tafuta kifaa chenye alama ya mshangao ya manjano, kibofye mara mbili, nenda ‘Details’ kisha uchague ‘Hardware Ids’. Utaona VID, ambayo ni namba ya kampuni, na PID, ambayo ni namba ya bidhaa. Kwa mfano, VID ya 0BDA ni Realtek. 148F ni Ralink. Kwenye Linux, amri ya lsusb itakuonyesha namba hizo hizo.

Ukishazipata, tafuta draiva katika tovuti ya waliotengeneza kidude chako, au uziweke kwenye Microsoft Update Catalog, ambako draiva ni za bure.

Je, kidude kimejitokeza kama CD? Usishtuke. Baadhi hubeba draiva ya Windows humo ndani. Ifungue, isakinishe, kisha kitageuka kuwa Wi-Fi. Kwenye Linux, mara nyingi ‘kuitoa’ hiyo CD au kutumia usb_modeswitch hutosha.

Bado kinasumbua? Jaribu haya:

Kwanza, kihamishe hadi tundu la USB lililo nyuma ya kompyuta, bila kupitia kigawanyaji.

Pili, ukiona Wi-Fi za majirani lakini yako haionekani, huenda yako inatumia masafa ya 5GHz. Vidude vingi vya bei rahisi hunasa 2.4GHz pekee. Badilisha kwenye ruta au hotspoti ya simu.

Tatu, kama kinashika kisha kinaachilia, rudi ‘Device Manager’, ingia ‘Power Management’ na uondoe alama inayoruhusu kompyuta kukizima ili kuokoa umeme.

Ukijaribu yote haya, ukichomeke kwenye kompyuta nyingine. Kikikataa huko pia, basi hapo una sababu ya kukirudisha dukani.

Lakini kikikubali, hifadhi ile draiva kwenye flashi. Siku utakapoweka Windows upya utajishukuru, na rafiki yako akikwama usiku wa manane, wewe ndiwe utakuwa fundi wake.