Ruta iko mbali, fundi iko mjini: namna ya kubadilisha programu bila kupoteza intaneti

Fundi anakaa Bukavu. Ruta, ile mashine inayogawa intaneti, iko ku kituo cha afya huko Shabunda. Barabara ni mbaya, na ndege ni bei kali. Fundi akikosea wakati anabadilisha programu ya ruta kutoka mbali, kituo kinaweza kukaa siku nyingi bila kutuma ripoti za wagonjwa.

Lakini kuacha programu ya zamani nayo ni hatari. Mwezi wa Aprili 2018, kampuni MikroTik ilitoa programu ya kuziba tundu lililoruhusu wezi kuiba maneno ya siri ya ruta zake. Miezi ikapita, wengi hawakubadilisha, na wezi wakaingia ku ruta nyingi sana duniani.

Basi fundi afanye nini?

Kwanza, ajaribu ile programu ku ruta ya aina ile ile iliyo mbele yake, mezani.

Pili, achukue nakala ya mipangilio yote na kuiweka ku kompyuta yake. Nakala ikibaki ndani ya ruta tu, ruta ikikufa, nayo inapotea.

Tatu, faili ifike yote ku ruta mbele ya kuanza. Aangalie kama ni ya aina ya ruta ile, ukubwa wake uko sawa, na nafasi inatosha.

Nne, umeme. Umeme ukikatika wakati ruta inaandika programu mpya, inaweza kukosa kuwaka tena. Kama batri haijajaa, heri kungoja.

Tano, mtu awe pale pale, mwenye simu, kompyuta na kablo. MikroTik iko na njia ya usalama inayorudisha mipangilio ya zamani kama mawasiliano yanakatika, lakini haiwezi kurudisha programu ya zamani.

Na kama ruta zinafuatana kutoka kilima mpaka kilima? Aanze na ile ya mwisho kabisa. Akianza na ya karibu na ikaharibika, zote za nyuma yake zinapotea pamoja nayo. Ya mwisho ikiharibika, ni moja tu.

Kazi hii ifanywe asubuhi ya siku yenye wagonjwa kidogo, si usiku: usiku hakuna mtu wa kwenda kuangalia kama taa ya ruta imewaka.